Baada ya UMISSETA, Binti Anaelekea Wapi?

Kila Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya, anapovunja rekodi, mazungumzo ya vijiweni hapa Mbeya huenda njia ileile. Mmoja atasema Wakenya wamezaliwa juu, hewa nyepesi imewapanua mapafu. Mwingine atamkumbusha kwamba na sisi tuko juu. Watakubaliana kwamba vipaji vipo, kisha stori itarudi kwa Simba na Yanga. Naona mazungumzo hayo hukatika pale hasa ambapo yangeanza kuwa na faida, kwa sababu yule wa pili amesema kweli, na kweli yake inatudai maelezo.

Tuko juu kwelikweli. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Mlima Loleza ulio nyuma yake unapita mita 2,600. Tambarare ya Kitulo nayo inakaribia kimo hicho. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, na ukipanda kuelekea Mufindi unazidi kuongeza. Kaptagat, kule Kenya anakofanyia mazoezi Kipyegon, ni mita 2,400 hivi. Mtoto wa Isyonje, au wa vijiji vya Kilolo, hupanda na kushuka miteremko kwenda shule tangu darasa la kwanza, na kwenye vijiji vya juu kuna asubuhi za Juni na Julai ambazo nyasi zimepigwa sakitu. Kama mwinuko peke yake ungetosha, Nyanda za Juu Kusini zingekuwa zimeshatoa bingwa wa dunia zamani. Lakini wanawake wanaotutoa kimasomaso katika mbio ndefu, wengi wao wanatoka mikoa ya kaskazini na kati.

Ndiyo maana maisha ya Kipyegon yanastahili kusomwa taratibu, hatua kwa hatua, na watu wa huku kwetu.

Faith Chepngetich Kipyegon alizaliwa Januari 10, 1994, mtoto wa nane kati ya tisa, katika familia ya wakulima huko Keringet, kaunti ya Nakuru. Utotoni alipenda mpira wa miguu. Alipokuwa na miaka 14, katika kipindi cha michezo shuleni, darasa liliambiwa likimbie kilomita moja, naye akawaacha wenzake nyuma. Mpaka hapo hana tofauti na mabinti wetu. Nenda wilaya yoyote ya Mbeya au Iringa, muulize mwalimu wa michezo, atakutajia binti wa namna hiyo kwa jina, na shule, na jina la baba yake.

Tofauti inaanza muda mfupi baadaye. Machi 2010, akiwa na miaka 16, aliingizwa kwenye timu ya vijana ya Kenya ya mbio za nyika za dunia, akapelekwa Bydgoszcz, Poland. Alikimbia peku, akamaliza wa nne. Machi 2011 akaenda Punta Umbría, Hispania, peku tena, akarudi bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 1,500 kwa walio chini ya miaka 18 huko Lille, Ufaransa, na mwaka 2012 ule wa walio chini ya miaka 20 huko Barcelona. Mwaka 2013 alikuwa wa tano kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa mjini Moscow, akiwa na miaka 19 tu. Glasgow 2014, dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Beijing 2015, fedha ya dunia. Rio 2016, dhahabu ya Olimpiki.

Itazame orodha hiyo kwa jicho la mzazi. Toka miaka 16 mpaka 22, hakuna mwaka uliopita bila mbio nyingine kubwa kumsubiri mbele. Na nyuma ya kila safari kuna mtu aliyehangaikia pasipoti, aliyekwenda kuzungumza na wazazi, aliyeomba ruhusa shuleni, aliyelipa nauli. Binti mwenyewe kazi yake ilikuwa moja, kukimbia. Watu wazima walikuwa wamekwisha kuifanya yao. Kukimbia peku hakukumzuia, maana alikuwa ameshafikishwa Poland. Kwetu huwa tunahurumia miguu peku ya watoto, tukasahau kwamba kilichowakosesha ushindi ni kutokufikishwa popote.

Sasa njoo kwetu, Juni, msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Uwanja ni uleule wa mpira, njia zimechorwa kwa majivu au chokaa, na kona mojawapo ina mteremko ambao kila mwanafunzi anaujua. Mabinti wanavua viatu vyeusi vya shule na kuvipanga pembeni, kwa sababu ndivyo vya Jumatatu na havitakiwi kuchanika. Sketi inafungwa fundo juu ya bukta. Mwalimu ameshika simu, ndiyo saa yenyewe. Kipenga kinalia, vumbi linapanda, kundi linakwenda pamoja mzunguko wa kwanza. Wa pili wanaanza kuachana. Wa tatu utamwona mmoja amebaki mbele peke yake, mabega yametulia, hageuki nyuma, na wenzake waliokaa kwenye nyasi wanaacha kupiga kelele, wanamwangalia tu. Kila mtu pale anajua amemwona nani. Mwalimu anaandika jina na muda kwenye daftari. Binti atakwenda wilaya, atakwenda mkoa, akijaliwa atafika taifa na kurudi na cheti.

Halafu?

Mara nyingi hakuna halafu. Mashindano yamefungwa mpaka Juni nyingine. Agosti hakuna mbio, Septemba hakuna. Akimaliza kidato cha nne na matokeo yasipokaa vizuri, shule ndiyo imekwisha, na kwa kuwa riadha yake ilikuwa ndani ya shule, nayo imekwisha siku hiyohiyo. Watu wa Iringa wanajua kinachofuata, hatuna haja ya kufichana. Kuna mtu, mara nyingi mama mwenye heshima zake, anafika kijijini kutafuta dada wa kazi. Anaongea na wazazi, anaacha nauli. Binti anapanda basi stendi ya Igumbilo, anashuka stendi ya Magufuli kule Mbezi, Dar es Salaam, na anaanza maisha ya kuamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa wenzake. Kazi ya nyumbani ni kazi halali, imesomesha wadogo wengi na kuezeka nyumba nyingi za wazazi Kilolo na Mufindi. Simdharau yeyote anayeifanya. Ninachosema ni kwamba yule mama alifika kijijini kabla ya kocha yeyote, na alifika akiwa na nauli mkononi. Kwa binti wa miaka 17 ambaye nyumbani hali ni ngumu, anayefika kwanza na nauli ndiye anayeamua maisha yake.

Huku Mbeya sura ni nyingine lakini mwisho unafanana. Atauza nguo Mwanjelwa, atalima viazi, ataolewa. Baada ya miaka michache utamsikia mtu akisema, yule alikuwa anakimbia balaa shuleni. Inasemwa kwa sifa, na mimi kila nikiisikia naumia, maana ni sifa ya kitu ambacho hakuna aliyejishughulisha nacho kilipokuwa hai.

Isidhaniwe kwamba Tanzania haikuwa na mwanzo. Mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas alirusha mkuki akatuletea medali ya fedha. Hatukuwa tumefikisha hata miaka minne ya uhuru. Tangu hapo medali zetu za Olimpiki ni mbili, za fedha zote, Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Mwanamke wa Tanzania hajawahi kupanda jukwaa la Olimpiki. Lakini Septemba 24, 2023, Magdalena Shauri alimaliza wa tatu kwenye marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41, siku ileile ambayo Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na ushee. Simbu ni askari wa JWTZ. Hilo la uaskari watu hulitaja kama pambo, kumbe ndilo lililobeba mengi. Mwanariadha aliyeajiriwa jeshini, JKT, Polisi au Magereza ana mshahara, ana kitanda, ana mkuu wake anayejua kwamba asubuhi anatakiwa awe barabarani. Miaka kumi ya mazoezi bila medali inawezekana tu kwa mtu ambaye mwisho wa mwezi anakula.

Kuna sehemu ya maisha ya Kipyegon ambayo naomba wazazi, walimu na viongozi wa dini wa mikoa hii miwili waisome mara mbili. Juni 2018, akiwa bingwa wa Olimpiki na wa dunia, alijifungua binti yake Alyn, kwa upasuaji. Baada ya kujifungua alikaa nje ya mashindano mwaka mmoja hivi. Alirudi katikati ya mwaka 2019, na kufika Oktoba alikuwa Doha akichukua fedha ya dunia kwa dakika 3:54.22, muda bora kuliko wowote aliowahi kukimbia kabla ya kuzaa. Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, ni ya baada ya uzazi. Ya Paris 2024 nayo, iliyomfanya mwanamke wa kwanza kushinda mita 1,500 kwenye Olimpiki tatu mfululizo. Mwaka 2023 alivunja rekodi tatu za dunia ndani ya siku 50: mita 1,500 mjini Florence, mita 5,000 mjini Paris, maili moja mjini Monaco. Julai 2025 akaishusha tena ya mita 1,500, huko Eugene, Marekani, mpaka 3:48.68. Rekodi zake zote za dunia amezivunja akiwa mama.

Hata kwenye nchi tajiri jambo hili lilipiganiwa. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani Allyson Felix alisema hadharani kwamba Nike ilitaka kumkata malipo kwa asilimia 70 kipindi alichoamua kupata mtoto. Kelele zilikuwa kubwa, na Agosti mwaka huohuo kampuni ilitangaza kulinda malipo ya wanariadha wake wajawazito kwa miezi 18. Sisi Novemba 2021 tulipata waraka wa elimu unaomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule ya serikali, na ninaamini ni miongoni mwa maamuzi mema kabisa ya miaka hii. Lakini darasani amerudi, uwanjani bado. Sijasikia mwalimu akimfuata binti aliyejifungua kumwambia, raba zako bado tunazihitaji. Tumekariri kwamba mwili wa mama umekwisha kwa michezo, wakati mwanamke mwenye kasi kuliko wote duniani kwenye mbio zake ana mtoto anayemsubiri nyumbani.

Kuna upande mwingine ambao sherehe za medali huuficha. Agnes Tirop, Mkenya, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee Septemba 2021, huko Ujerumani. Mwezi mmoja baadaye alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25, na mume wake alishitakiwa kwa mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024; Septemba mwenzi wake wa zamani alimmwagia petroli akamchoma moto, akafariki hospitalini Eldoret. Familia yake ilieleza kwamba ugomvi ulihusu ardhi aliyoinunua mwenyewe. Hao walikuwa wanawake waliofanikiwa. Fedha zao ziliwafanya windo ndani ya nyumba zao wenyewe.

Nayataja haya kwa sababu tukitaka mabingwa wa kike kutoka Rungwe na Mufindi, tujue tutakuwa tunamweka binti wa miaka 20 kwenye fedha ambazo ukoo wake haujawahi kuziona. Atazungukwa. Patatokea kocha anayejiita mume, mjomba anayeshika kadi ya benki, shamba linaloandikwa jina la mtu mwingine. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Somo la kusoma mkataba, kufungua akaunti kwa jina lake na kuhakikisha hati inabeba jina lake lifundishwe kambini pamoja na mazoezi ya mwendo wa kasi, na wa kulifundisha awe mwanamke.

Kuhusu zawadi, riadha ya dunia imetangulia michezo mingi. Bingwa wa dunia wa kike na wa kiume wote hupata dola 70,000, na Kipyegon aliposhinda mita 1,500 na 5,000 Budapest mwaka 2023 alilipwa zote mbili. Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ulichelewa. Juni 2018, kwenye mashindano ya vijana huko Ballito, Afrika Kusini, washindi walipiga picha na hundi kubwa za maonyesho: mvulana randi 8,000, msichana Zoe Steyn randi 4,000. Ubao ni aina moja, bahari ni moja, siku ni moja. Picha ilizunguka dunia, na Septemba mwaka huo ligi ya dunia ya mchezo huo ikatangaza kulipa sawa kuanzia 2019. Stephanie Gilmore, Mwaustralia, alikuwa ameshatwaa ubingwa wa dunia mara sita wakati huo, na aliongeza wa saba kabla mwaka haujaisha. Kwa wanawake wote waliomtangulia, ushindi ulikuwa na bei ya chini kwa kuwa tu ni wao walioshinda.

Mikoa yetu sasa ina mbio za barabarani za kila aina, na Mbeya Tulia Marathon imeonyesha kwamba jiji hili linaweza kufunga barabara na kujaza maelfu ya watu kwa ajili ya afya na elimu. Ni jambo jema. Ninaomba waandaaji wote, wakubwa kwa wadogo, waandike zawadi za wanawake na wanaume kwa kiwango sawa kwenye tangazo la kwanza kabisa, kabla mtu hajajiandikisha, na sehemu ya ada ya ushiriki iwe ya wakimbiaji wasichana wa mkoa husika mwaka mzima. Watu elfu moja wakivaa fulana na kutembea kilomita tano, hiyo ni afya. Binti mmoja akilishwa vizuri na kukimbia kilomita 80 kwa wiki, hiyo ni riadha. Tunahitaji zote.

Nchi zetu zinapenda kuzawadia. Kipyegon aliporudi na rekodi Juni 2023, Rais William Ruto alimpa shilingi milioni 5 za Kenya na nyumba. Hapa tuna goli la Mama, zawadi ya Rais Samia kwa kila goli, na limewapa wachezaji moyo. Sina neno na zawadi hizo, zinamfikia aliyevuja jasho. Lakini sehemu ndogo tu ya fedha za nyumba moja ya bingwa ingelipia nauli, chakula na viatu vya njumu kwa mabinti wa wilaya nzima wakiwa na miaka 16, umri ambao Keringet walimfikisha wa kwao Poland.

Mahali pa kuanzia papo. JKT ina kambi Mafinga, kwenye baridi na mwinuko, kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya, na ina nyingine Itende, hapo Mbeya. Wachukuliwe mabinti 20 kila mwaka, waliomaliza kidato cha nne na walioongoza mbio za mita 800 hadi 3,000 kwenye mikoa hii miwili, wakiwemo waliozaa. Wapewe mafunzo ya ufundi mchana, mazoezi asubuhi na jioni, kocha mwanamke, daktari anayekuja kweli. Mbio za nyika zifanyike kila mwezi kuanzia Julai mpaka Novemba, leo Mufindi kwenye barabara za mashamba ya chai, kesho Uyole, keshokutwa Kilolo, ili asiwepo binti anayekaa miezi kumi na moja bila kushindana. Wanaofanya vizuri waajiriwe na majeshi yetu kama walivyoajiriwa waliotangulia.

Majina hayahitaji kutafutwa. Yameandikwa kwenye madaftari ya matokeo ya Juni, yapo kwa maofisa michezo wa wilaya, pamoja na muda wa kila mmoja. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Wazazi wao wapigiwe simu kabla ya hapo, na anayepiga awe ameshapanga nauli.